Siku tatu katika kisiwa kidogo cha hifadhi: nianze kupanga wapi?

MamaPacha ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mume wangu tunapanga kuwapeleka watoto wetu pacha, wenye umri wa miaka 9, pamoja na mdogo wangu wa kike, kupiga kambi katika kisiwa kidogo kilicho ndani ya hifadhi ya bahari. Tumepiga kambi mara nyingi msituni na kandokando ya ziwa, lakini hatujawahi kulala mahali ambapo hata kuondoka kunategemea chombo cha mtu mwingine. Kisiwa chenyewe unaweza kukizunguka kwa miguu kwa muda wa saa moja na nusu. Hakina kisima wala duka, na mlinzi wa hifadhi hufika mchana kukagua vibali, kisha hurudi zake ng'ambo kabla jua halijatua.

Tarehe tumekwisha kuichagua. Watoto wanapenda nyota kupita kiasi, kwa hiyo nimepanga tuende siku za mwezi mwandamo ili anga liwe na giza. Boti itatupeleka saa nne asubuhi na kutufuata saa nne asubuhi siku ya nne. Nimeweka kwenye orodha lita 30 za maji, mahema mawili, jiko la gesi, na kuni chache kwa ajili ya moto wa jioni.

Ninaomba mnisaidie katika mambo matatu: kiasi cha maji kinachotosha watu watano, mahali pa kusimamisha mahema, na lolote ambalo mtu wa nchi kavu kama mimi hawezi kulifikiria. Nimepima kila kitu kwa uzoefu wa bara, na nahisi hapo ndipo nilipokosea.

NahodhaMstaafu ameandika:

Mwanangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipia boti. Nimevusha watu kwenda visiwani kwa miaka mingi, na karibu kila safari niliyoiona ikiharibika iliharibikia siku ya kurudi. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kwamba uanze kupanga kutoka mwisho: jua kwanza ni saa ngapi chombo kitaweza kuwachukua, kisha urudi nyuma hadi siku ya kwenda.

Umepanga saa nne asubuhi kwa safari zote mbili, na bahari haifuati saa ya ukutani. Katika sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku moja kidogo, na kati ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25. Maana yake ni kwamba kila siku maji huchelewa kujaa kwa wastani wa dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Tuseme siku yenu ya kwanza maji yamejaa kabisa saa nne asubuhi, mkashuka ufukweni bila taabu. Siku ya nne, maji yatajaa kati ya saa sita na saa saba mchana, na saa nne yatakuwa bado yanapanda. Ikiwa tofauti ya kujaa na kupwa mahali hapo ni mita 3, kina mtakachokikuta kitakuwa pungufu kwa mita moja hivi. Kwa boti iliyobeba watu watano na mizigo yao, inayopita juu ya matumbawe, upungufu huo unatosha kabisa kuizuia isifike.

Kisha kuna hilo la mwezi mwandamo. Siku za mwandamo na siku za mwezi mpevu ndizo za bamvua, na mara nyingi bamvua hufikia upeo wake siku moja au mbili baadaye. Wakati huo maji hujaa kupita kawaida, hupwa kupita kawaida, na mkondo hukimbia kwa nguvu. Mabaharia wana hesabu moja nyepesi: maji yakianza kupanda, saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya 12, saa ya pili sehemu mbili, ya tatu sehemu tatu, ya nne sehemu tatu, ya tano sehemu mbili, na ya sita sehemu moja. Utaona kwamba nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati. Hizo ndizo saa ambazo sipendi kumwona mtoto akiogelea kwenye mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa na mwamba, hasa bamvua linapovuta kwenda nje.

Nenda kwa nahodha wako ukiwa na jedwali la maji la mahali hapo, umuulize maswali mawili: chombo chake kinahitaji kina gani kikiwa kimejaa mizigo, na njia ya kuingilia kisiwani inapata kina hicho kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi siku ile ya nne. Asipoweza kujibu, tafuta nahodha mwingine. Chagua pia saa za asubuhi kila inapowezekana, kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake hupanda, na mchana upepo wa baharini huja kuijaza nafasi hiyo. Mlango uliokuwa shwari saa mbili asubuhi unaweza kuwa na mawimbi mafupi ya kuchosha ifikapo saa tisa.

HemaLaTatu ameandika:

Ninaunga mkono maneno ya Mzee, nami niongeze yaliyonipata mwenyewe. Tulisimamisha hema jioni kwenye mchanga mzuri mkavu, hatua kama ishirini kutoka ukingo wa maji, tukaona tumekuwa waangalifu. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwandamo. Saa kumi alfajiri niliamka nikidhani mvua imenyesha, kumbe ni bahari iliyokuwa inaingia chini ya godoro. Hatukupoteza uhai wa mtu, namshukuru Mungu, lakini tulipoteza mkate wote, tochi mbili na usingizi wa usiku uliofuata.

Kosa letu lilikuwa kusoma mstari usio sahihi. Ukifika ufukweni utaona mstari wa mwani mbichi na vijiti, ambao ni alama ya maji ya jana au ya leo asubuhi. Usiutegemee huo. Panda juu zaidi hadi uone mstari wa pili wenye mwani uliokauka ukawa mweusi, vipande vya mbao vilivyopauka na takataka za plastiki. Huo umeachwa na bamvua kubwa au dhoruba, na hema lako linapaswa kuwa juu yake. Lakini usipande mpaka kwenye majani yanayotambaa juu ya vilima vya mchanga, kwa maana mizizi yake ndiyo inayoushikilia mchanga huo usipeperushwe, na miguu ya kambi moja inaweza kuua kipande ambacho kitachukua miaka kuota tena. Kama hifadhi imeweka alama za viwanja vya kambi, lala ndani ya alama hizo hata kama mahali pengine panakupendeza zaidi.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Chukua mifuko minne au sita ya kitambaa kigumu kwa kila hema, ijaze mchanga, ifunge kamba ya hema, kisha ifukie kwa kina cha mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Kipande cha mti kilicholazwa na kufukiwa hivyo hivyo kinashika vizuri pia. Elekeza upande mfupi na mwembamba wa hema kwenye upepo, na mlango upande wa pili. Msitafute kujificha upepo kabisa, kwani mahali pasipo na upepo wowote ndipo usubi hukusanyika wakati wa magharibi, na wavu wa kawaida wa mbu una matundu makubwa kuliko mwili wa usubi.

MtazamaNyota ameandika:

Dada, usikate tamaa juu ya nyota. Huhitaji mwezi mwandamo ili watoto waone anga lenye giza. Unahitaji tu saa chache za jioni ambazo mwezi haujachomoza. Siku ya robo ya mwisho, yaani takriban juma moja kabla ya mwandamo, mwezi huchomoza karibu saa sita usiku, na kila usiku unaofuata huchelewa zaidi. Watoto wenye umri wa miaka 9 watakuwa wamelala zamani. Mtapata jioni tatu nzima za giza, na siku hizo za robo ndizo siku za maji mafu, ambapo bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo. Kwa maoni yangu hizo ndizo tarehe zenu.

Wazimieni watoto tochi kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuanza kutazama, kwa sababu jicho linahitaji muda huo kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde moja hurudisha kazi yote mwanzo. Funikeni tochi kwa karatasi ya plastiki nyekundu. Kama msimu unaruhusu, waonyesheni kilimia, yaani kile kishada cha nyota, kwanza: mtoto akiweza kuhesabu nyota sita pale kwa macho matupu, anga lenu ni zuri.

MpishiWaKambi ameandika:

Lita 30 hazitoshi hata kidogo, na ninasema hivyo kwa kujali. Hesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku kwa ajili ya kunywa, kupika na kusuuza mikono, mahali ambapo hakuna kivuli cha kutosha. Watu watano kwa siku tatu ni lita 75. Ongeza siku moja ya akiba kwa ajili ya bahari kuchafuka, nazo ni lita 25, jumla lita 100. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtakuwa mmeongeza kilo 100 kwenye boti, na nahodha lazima ajue jambo hilo kabla ya siku ya safari.

Msibebe maji hayo kwenye pipa moja. Chukueni madumu ya lita 10, kwanza kwa sababu mtayabeba mikononi mkitembea ndani ya maji ya magoti, na pili kwa sababu dumu moja likipasuka mtapoteza sehemu ya kumi tu. Yafukieni nusu kwenye mchanga wa kivulini. Ya akiba yafungwe kwa mkanda na watoto waambiwe hayaguswi.

Vyombo visugueni kwa mchanga na maji ya bahari, kisha visuuzwe kwa kikombe kimoja cha maji baridi yasiyo na chumvi. Waelezeni watoto kwa nini maji ya bahari hayanyweki: kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, kwa hiyo mwili hutumia maji yake wenyewe kuiondoa chumvi ile na kiu huongezeka. Mtoto aliyeelewa sababu hahitaji kukatazwa mara ya pili.

Kuhusu kuni, ziacheni nyumbani. Hifadhi nyingi za visiwani zinakataza moto wa wazi, na kuni zilizotoka mahali pengine zinaweza kubeba wadudu na mbegu ngeni. Miti iliyotupwa ufukweni nayo isichomwe, kwani imelowa chumvi na moshi wake una sumu, na chini yake kuna viumbe wanaojihifadhi jua. Ninalo pia jambo ambalo bado linaniuma. Mpwa wangu alikanyaga mahali ambapo wageni waliotutangulia walifukia makaa yao kwa mchanga usiku uliopita. Mchanga hauzimi makaa, unayahifadhi joto kwa saa nyingi huku ukiyaficha. Alikaa wiki kadhaa bila kuvaa kiatu. Jiko la gesi linatosha, alimradi halipelekwi ndani ya hema hata mvua inyeshe, kwa maana hewa ya sumu ya ukaa inayotoka kwenye moto haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

MlinziWaZamani ameandika:

Nilifanya kazi ya ulinzi wa hifadhi, na ninapenda kuzungumzia wenyeji wa kisiwa, yaani ndege, kasa na kaa.

Ndege wengi wa baharini hutaga mayai juu ya mchanga mtupu, kwa kuwa kisiwa kidogo kwa kawaida hakina mnyama wa kuyala. Ukiona ndege wanapaa wakipiga kelele juu ya kichwa chako, umeingia kwenye mataga yao. Rudi ulikotoka kwa njia uliyokujia. Mzazi akifukuzwa kwa nusu saa wakati wa jua kali, yai linaweza kuiva.

Kabla ya kufunga mizigo, kagueni kila sanduku la chakula na kila hema lililokaa stoo, mhakikishe hakuna panya. Sisemi hivyo kwa kupenda usafi tu. Katika kisiwa cha South Georgia, kilicho kusini mwa Bahari ya Atlantiki, panya waliofika kwa meli za wawindaji waliangamiza ndege kwa vizazi vingi, na ilihitajika kazi ya miaka mingi hadi mwaka 2018 ndipo kisiwa kikatangazwa kuwa hakina panya tena. Kisiwa chenu hakiwezi kutegemea bahati ya namna hiyo.

Ikiwa ni msimu wa kasa, msiwashe taa yoyote inayoonekana kutoka ufukweni. Vifaranga wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni upeo wa bahari, na taa ya kambi huwageuza kuelekea nchi kavu ambako hufa. Makombe matupu nayo yabaki yalipo, kwa sababu wapo kaa wanaoyatumia kama nyumba.

Choo: ndoo yenye kifuniko kinachobana, mifuko imara, na vumbi la mbao la kunyunyizia. Kila kitu kirudi nanyi ng'ambo. Kisiwa kinachozungukwa kwa saa moja na nusu hakina udongo wa kupokea uchafu wa wageni wa mwaka mzima.

MamaPacha ameandika:

Wazee wangu na ndugu zangu, nimesoma kila jibu mara mbili, na jana nilikwenda kwa nahodha nikiwa na jedwali la maji mkononi. Ameniambia kwamba katika kisiwa hicho bamvua hujaa karibu saa nne asubuhi kila mara, na akakiri kwamba siku ya nne angelazimika kutungojea hadi karibu adhuhuri. Tumehamisha safari hadi siku ya robo ya mwisho. Siku ya kwanza tutavuka saa moja asubuhi, maji yakiwa nusu yanapwa, na kwa kuwa ni maji mafu anasema njia itakuwa na kina cha kutosha. Siku ya nne maji yatajaa karibu saa moja asubuhi, na ndiyo saa atakayotufuata. Amekubali uzito wa madumu kumi. Kuni nimezirudisha stoo.

Nimebaki na swali moja. Je, tufanye nini ikiwa saa moja itafika na boti isionekane? Simu hushika mtandao upande mmoja tu wa kisiwa, tena kwa kubahatisha.

NahodhaMstaafu ameandika:

Mwanangu, umepanga vizuri, na nimefurahi kwamba nahodha amekujibu kwa uwazi. Hakikisha kila mmoja, pamoja na watoto, ana jaketi la kuokolea maisha linalolingana na uzito wake, nalo livaliwe kabla ya kukanyaga boti.

Kwa swali lako, kwanza azima au kodi redio ndogo ya mkononi ya mawasiliano ya baharini (VHF), na umwombe nahodha akuonyeshe kuitumia. Chaneli ya 16 ndiyo ya kuitia msaada baharini duniani kote. Mkubaliane naye chaneli nyingine ya mazungumzo ya kawaida, ili ile ya 16 ibaki wazi kwa wenye dharura. Pili, mwachie mtu mmoja ng'ambo karatasi yenye jina la kisiwa, idadi yenu, jina la chombo, na saa ambayo asipopata habari zenu aanze kuuliza. Weka saa nne asubuhi ya siku hiyo ya nne. Usimwandikie maneno kama "tukichelewa sana", kwa sababu kila mtu ana kipimo chake cha kuchelewa.

Maji yakijaa saa moja, njia itaendelea kupitika vizuri hadi karibu saa tatu. Boti isipofika katika muda huo, msijaribu kuvuka kwa miguu juu ya mwamba, na msimlazimishe mvuvi yeyote apitaye awapakie wote watano kwenye chombo kidogo. Maji yatajaa tena usiku, na kuingia kwenye matumbawe gizani si jambo la kumwomba nahodha, kwa hiyo mtangojea hadi asubuhi inayofuata. Ndiyo kazi ya zile lita 25 za akiba. Radi ikianza kunguruma mkiwa mnangojea, tokeni mchangani penye uwazi, na msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Asubuhi hiyo ya kuondoka vunjeni hema moja, mfunge mizigo yake. La pili liacheni limesimama, na maji ya akiba ndani yake, mpaka muione boti imegeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kuelekea kwenu.